Turubai la kwenda kuwindia

Leo nimemcheka mteja, na kicheko hicho bado kinanisuta.

Afande mstaafu wa kambi ya jeshi ya Kimaka ameingia dukani kwangu hapa Jinja. Anakwenda Mbale kuwinda kanga pamoja na shemeji zake, anataka turubai jepesi la kulalia porini.

Nikamletea jepesi kuliko yote. Ukilikunja linaingia mfukoni, wallahi.

Akalitandaza sakafuni, akalala chali juu yake.

"Ita majirani. Mshike pembe, mniinue."

Nikacheka. "Afande, turubai linabebwa na mtu, halibebi mtu!"

Yeye hakucheka.

"Vitani kaskazini, usiku tulilala chini ya turubai. Asubuhi tukambeba mwenzetu aliyejeruhiwa juu ya turubai hilo hilo. Lilikuwa jepesi kama hili. Likachanika njiani, na yeye alikuwa bado anapumua."

Nikaita majirani watatu.

Tukamwinua. Pindo likaanza kulia, linataka kuchanika. Nikalirudisha mwenyewe kwenye rafu, nikaleta lile zito la kufunikia lori.

Tukamwinua tena. Akafumba macho kidogo.

"Hili."

Ameondoka nalo begani, limemwinamisha.

Shemeji zake watamwona na mzigo ule. Nyinyi wa Mbale, mkiwajua, waambieni wasimcheke.