Sanduku la Mzee wa Kivukoni

Wiki iliyopita binti yangu aliniita mezani kwake, akanigeuzia kompyuta, akasema, "Mama, nimeipata ile gemu yako." Ukiona mtu mzima wa umri wangu anatokwa na kijasho chembamba kwa ajili ya gemu, usicheke. Nilikuwa na sababu mbili, na zote nitakueleza.

Ya kwanza ni majigambo. Kwa miaka mingi nimemwambia mtoto huyu kwamba gemu za siku hizi zimeshuka. Nazungumzia zile za kuigiza, ambazo mchezaji anavaa uhusika wa msafiri, anatembea kijiji hadi kijiji, anaongea na watu, anapigana na madude porini, na mwishowe anaiokoa nchi. Nimemwambia za kwetu zilikuwa na roho, za kwao zina rangi tu. Mshale unamwonyesha njia, sauti inamsomea kila neno, yeye kazi yake kubonyeza. Naye hunijibu, "Sawa, Mama," kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Sasa ushahidi ulikuwa mezani.

Sababu ya pili ni wizi. Hiyo sikuwahi kumwambia mtu.

Turudi Buzuruga, mtaa nilikokulia, miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati kila mwenye ndugu anayekwenda Dubai alikuwa na redio mpya sebuleni. Jirani yetu alikuwa mkunga, mjane, mwanamke mnene wa sauti nzito, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, mimi nikiwemo. Mdogo wake alikuwa akifuata bidhaa huko Dubai, na safari moja akamletea runinga ya mtumba yenye chogo refu, pamoja na mashine ya gemu na kaseti yake moja tu. Maandishi yote ya gemu ile yalikuwa ya Kijapani. Tuliyatazama kama kuku anavyotazama gazeti.

Tulikuwa watatu: mtoto wa mkunga, tuliyemwita Kaka kwa sababu alishaingia sekondari, mdogo wake wa kike, na mimi. Kwa kuwa hatukuweza kusoma, tulitunga. Yule kijana wa kwenye gemu, mwenye upanga na kofia nyekundu, tukamwita Mgeni. Kaka alimsemea Mgeni, mdogo wake aliwasemea akina mama na watoto, na mimi, kwa sababu ya sauti yangu ya kukwaruza, nikapewa wazee. Kazi yangu ikawa kukohoa.

Siku ya tatu hivi, mkunga alirudi mapema kutoka kazini, akaketi kwenye mlango wa jikoni na ungo wa karanga, akitutazama. Mgeni akaingia nyumba ya watu, akampita mzee mwenye ndevu, akafungua sanduku lililokuwa pembeni, akatoa chupa ya dawa, akaondoka zake. Ndivyo gemu zile zilivyochezwa. Mkunga akaweka ungo chini.

"Nyie! Mmeingia kwa watu bila hodi, mzee mmempita hivyo hivyo, na sanduku lake mmefungua?"

"Mama, si ni gemu tu," Kaka akasema.

"Hata kama. Huyo mzee hana wenyewe? Rudisheni."

Haikuwezekana kurudisha. Basi akaweka sheria, na atakayeivunja asiguse tena mashine yake: kila mlango hodi, kila mzee shikamoo, na sanduku la mtu lisiguswe. Tangu hapo alasiri zetu zikajaa adabu. Kaka anapiga hodi, mdogo wake anaitikia karibu, Mgeni anaamkia, mimi naitikia marahaba huku nakohoa. Asiyeshika pedi ya kuchezea alimenya karanga, hata vidole vikauma. Jikoni michembe ya viazi inatokota, nje wapiga debe wa stendi wanaita abiria, na sisi tumekaa sakafuni tunawaamkia wazee wa Kijapani mmoja mmoja. Umeme ukikatika, tuliendelea kumenya.

Tatizo likaja ziwani. Mgeni alifika ufukweni, akakuta kivuko na mwenye kivuko, lakini bwana yule alitikisa kichwa kila tulipomsogelea. Karibu na hapo palikuwa na nyumba moja tu, ndani yake mzee mmoja, na nyuma ya mzee, sanduku. Alikuwa na maneno mengi, anajaza kioo mara tatu nzima. Mimi ndiye niliyemsemea. Niliwahi kwenda na baba Sengerema, tukakaa kivukoni Kigongo kusubiri kuvuka tangu asubuhi hadi jua likatuchoma utosi, kwa hiyo nilijua vizuri kinachosemwa vivukoni. "Marahaba, mwanangu. Kivuko kimeharibika. Njoo kesho."

Tulikuja kesho kwa miezi kadhaa. Masika yakapita, karanga mpya zikaingia sokoni, Mgeni bado yuko pale pale. Kaka akaanza kutoroka kwenda kucheza mpira. Mdogo wake akawa anasinzia katikati ya hodi. Nikaona gemu inatufia mikononi, na nikisema ukweli, niliipenda kuliko shule. Alasiri moja wenzangu walikwenda bombani kuchota maji, mkunga yuko uani anaanika michembe. Nikamwingiza Mgeni kwa mzee. Sikupiga hodi, niliogopa kusikika. Nikafungua sanduku. Ukapigwa muziki wa shangwe hadi nikadhani stendi nzima imesikia. Ndani mlikuwa na kitu kama filimbi. Mwenye kivuko alipoiona tu, akasogea pembeni.

Waliporudi niliwaambia kivuko kimetengenezwa. Kaka akapiga kelele, mkunga akaja mbio, akamkuta Mgeni yuko katikati ya maji.

"Mmeona?" akasema. "Adabu imewavusha."

Siku hiyo alitukaangia sato mzima. Mimi kipande changu nilimsukumia Kaka.

Yangeishia hapo ningesahau. Lakini mkunga aliifanya habari ile kuwa fundisho lake. Aliwasimulia watoto wa mtaa, akawasimulia wenzake wa jumuiya, na kwenye sherehe ya kuniaga nilipokuwa naolewa alishika kipaza sauti, akaeleza jinsi watoto watatu walivyokataa kugusa sanduku la mzee wa watu. Nikalia. Wageni wakapiga vigelegele, wakidhani ni furaha.

Basi, sasa binti yangu alikuwa ameipata, na watu wenye moyo wameitafsiri yote kwa Kiingereza. Tulicheza siku nne. Nikubali la kwanza: haizishindi za kwake. Mgeni anatembea kama mtu aliyebeba debe la maji, anapigana na vidude vile vile mara mia, na muziki unajirudia hadi kichwa kinagonga. Za binti yangu zina watu wanaocheka na kulia, na visa vyenye kichwa na miguu. Nilidhani ningeumia kuyakiri haya, kumbe nilijisikia mwepesi. Kumbe mtoto wangu hakukosa kitu, na mimi sina tena sababu ya kumsikitikia.

Kisha tukafika ziwani. Nikaingia kwa mzee, na kwa mara ya kwanza nikasoma alichokuwa akisema. Alisema mwanawe alivuka na hakurudi. Alisema ameitunza filimbi yake, akimsubiri msafiri atakayethubutu kwenda ng'ambo kumtafuta. Alisema, fungua sanduku hilo, kilichomo ni chako.

Nilicheka hadi binti yangu akaogopa. Mzee alikuwa akitukaribisha miezi yote ile, na mimi na kikohozi changu nilikuwa namziba mdomo.

Nikampigia mkunga. Siku hizi anaishi Buhongwa kwa Kaka. Nyumba ya Buzuruga ilivunjwa, zikajengwa fremu za maduka. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote kwa pumzi moja, binti yangu kando anasikiliza: wizi, kikohozi changu, filimbi, mzee na mwanawe.

"Kwa hiyo alikuwa ametupatia mwenyewe?"

"Alitupatia, Mama. Sisi ndio hatukumwelewa."

"Basi hukuiba." Nikamsikia akishusha pumzi, nami nikashusha yangu, niliyoibana tangu utotoni. Halafu akauliza, "Na asante ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

Nimelifikiria sana swali lile. Gemu hazijashuka, rafiki yangu. Ninachokikosa ni sebule ile isiyokuwepo tena, ungo wa karanga kwenye mlango wa jikoni, na watoto watatu wanaokopesha sauti zao kwa watu wasiowaelewa. Gemu za leo zinajisemea zenyewe. Hata Kigongo watu wanapita juu ya daraja, hakuna wa kuambiwa njoo kesho.

Jioni ile, baada ya simu, nilimrudisha Mgeni mpaka kwenye mlango wa mzee, nikamsimamisha nje. Nikasema hodi, kwa sauti, kama zamani. Nikangoja. Na binti yangu, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, akakohoa kidogo kando yangu, akaitikia: "Karibu, mwanangu. Pita ndani."