Shangazi Hoja na Chama Kilichogawanywa na Neno Moja

Shangazi yangu alifukuzwa kazi kwa sababu ya dirisha. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha mashati, kwenye chumba ambacho madirisha yake yalipigiliwa misumari ili wafanyakazi wasirushe nguo nje wakaziokote jioni. Mvuke ulijaa humo mpaka kuta zikatoa jasho. Siku moja mwenzake mwenye mimba alizimia, akaangukia meza ya pasi na kuungua mkono. Shangazi alinyanyua pasi ya chuma akavunja kioo. Meneja alipokuja mbio kuuliza nani kafanya vile, akajibu, "Mimi. Na nina hoja."

Hoja yenyewe haikusikilizwa, ila jina lilimganda. Mtaani wakamwita Hoja, na sisi watoto wa kaka yake tukamwita Shangazi Hoja.

Kaka yake huyo ndiye baba yangu. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na watu walimwita Reli kana kwamba hakuzaliwa na jina. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja, na kuanzisha kingine lilikuwa kosa la kukupeleka ndani. Kumbe Baba na wenzake wachache walikuwa wanakutana kwa siri kwenye chumba kilichokuwa juu ya mashine ya kusaga unga. Walikipenda kwa sababu ya kelele. Mashine ikinguruma, wanazungumza. Mwenye mashine akiizima, wananyamaza hata katikati ya neno, wanatazamana kama watu wanaopigwa picha, mpaka mahindi mengine yamwagwe. Shangazi alipofukuzwa tu, Baba akampeleka huko.

Kiongozi wao alikuwa mtu mwembamba aliyefundisha chuo kikuu, wakimwita Mhadhiri. Shangazi aliniambia kwamba mtu yule akieleza kwa nini mpiga pasi na fundi wa reli wana adui mmoja, "ni kama kakuwashia taa chumbani kwako mwenyewe, ukaona vitu ulivyokuwa unajikwaa navyo miaka yote." Wakajiita Chama cha Wavujajasho. Shangazi, ambaye sasa alipata riziki kwa kuwapigia watu pasi nyumbani, alipewa kazi ya kusambaza vipeperushi. Alivikunja ndani ya mashati ya wateja. Hakuna askari aliyewahi kutaka kukunjua shati lililonyooka.

Kisha Baba na Mhadhiri wakakamatwa. Hawakufunguliwa mashtaka, walitoweka tu, tukaambiwa wako kizuizini. Mama yangu alimkuta Shangazi akivaa viatu kwenda mkutanoni, akamzibia mlango.

"Wifi, mume wangu yuko ndani, watoto hawalali, na wewe bado unapanda ngazi zile?"

"Nisipopanda, wifi, atakuwa amefungwa bure."

Akapanda. Wengi waliingia mitini, lakini yeye na wawili watatu wengine walikiweka chama hai mpaka upepo wa siasa ulipobadilika, vyama vikaruhusiwa na wafungwa wakatoka. Baba alirudi amekonda, jino moja la mbele halipo. Mkutano wa kwanza wa hadhara, watu walijaa chumba, wakajaa ngazi, wengine wakasikilizia barabarani. Shangazi alilia mbele za watu. Alidhani kazi ngumu imekwisha.

Chama sasa kilitakiwa kiwe na katiba. Wakakaa kuiandika, na mambo yakaenda vizuri mpaka kwenye sentensi ya kwanza ya madhumuni. Mhadhiri alisoma: "Chama kitapigania mapinduzi ya wafanyakazi na wakulima." Baba akanyoosha mkono. Alisema neno mapinduzi litawatisha watu ambao ndio kwanza wameanza kupumua. Iandikwe mageuzi.

"Mageuzi?" Shangazi akaruka. "Kaka, chapati ndiyo inageuzwa! Sisi tumeungua upande mmoja, unataka tugeuzwe tuungue na wa pili?"

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomuumiza Baba. Akasema hakupoteza jino lake kizuizini ili aje afanywe kichekesho na mdogo wake. Jioni ilipofika Mhadhiri alitamka neno "msaliti", na Baba akatoka na karibu nusu ya watu.

Hapo chama kikawa viwili, kila kimoja kikidai ndicho cha asili. Wala hakuna aliyekubali kukiacha chumba. Mwishowe walikigawa katikati kwa plaiwudi, Wavujajasho Mapinduzi upande wa dirisha na Wavujajasho Mageuzi upande wa mlango. Mapinduzi wakawa hawawezi kuingia kwao bila kupita kwa Mageuzi, na Mageuzi wakawa hawana hewa. Mwenye mashine alikuwa akiwapigia kelele kutoka chini: "Mimi huku nasaga mahindi, nyie huko juu mnasaga meno!"

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Shangazi alikuja kula, akakaa meza moja na Baba, na maneno yao yakawa yanapitia kwa Mama.

"Wifi, mwambie huyo mgeuzaji anipe chumvi."

"Mwambie chumvi iko mbele yake, apindue mkono aichukue."

Uchaguzi wa udiwani ulipofika, wote wawili wakagombea kata moja. Kura zao zikijumlishwa zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote, lakini kura hazijumlishwi. Aliyeshinda ni mwenye duka la saruji na mabati, mtu aliyehutubia mara moja tu, na hotuba yenyewe ilihusu mabati. Shangazi alimuuliza Mama kwa hasira alimpigia nani.

"Nilimpigia mwenye mabati," Mama akasema. "Angalau yeye hanigombanishi na mtu."

Halafu redio ikatangaza kwamba Mhadhiri ameteuliwa naibu waziri. Mhadhiri huyu huyu wa mapinduzi, aliyemwita Baba msaliti! Shangazi alivaa gauni lake la mikutano akaenda wizarani, akasubirishwa kwenye kochi mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoingia, Mhadhiri alimkumbatia.

"Dada yangu, ukitaka kuitengeneza nyumba, lazima uingie ndani."

"Umeingia, ndiyo," Shangazi akasema. "Na mlango umeufunga."

Aliporudi kule juu ya mashine alipita upande wa Mageuzi bila kusalimia, kisha akageuka. Akamwambia Baba waungane tena. Baba alikuwa tayari. Walikaa, wakakubaliana jina, bendera, hata mwenyekiti. Wakafika kwenye ile sentensi. Baba akapendekeza waliache neno kabisa, waandike tu kwamba chama kitawapigania wafanyakazi na wakulima. Na Shangazi, aliyeomba muungano mwenyewe, akashindwa. Alisema amelitetea neno lile mpaka akapoteza kaka, hawezi kuliacha sasa hivi hivi, litaonekana lilikuwa la bure. Akasimama akaondoka. Baba hakumfuata.

Miaka ikapita, vyama vyote viwili vikabaki na wazee wa kuhesabika. Ndipo wanawake wa kiwanda cha mashati walipogoma. Walichoka kupekuliwa mwilini kila jioni getini. Hakuna chama kilichowaambia wagome. Shangazi alisikia akakimbia na bendera yake. Alipofika, Baba alikuwa ameshatangulia na ya kwake.

Msemaji wa wagomaji alikuwa binti wa mashine za vifungo. Aliwasogelea kwa adabu.

"Shikamooni wazee wetu. Tumekubaliana bendera zisiingie hapa, maana tumeambiwa nyie mkianza kubishana hammalizi. Ila mkitaka kusaidia, kuna wenzetu wamekuja na watoto wachanga, na jua hili. Mtushikie."

Basi ndugu wawili wakakaa kivulini ukutani, kila mmoja na mtoto wa watu mapajani, bendera zimekunjwa chini ya makalio. Baba alisema wale wasichana wanachofanya ni mageuzi safi kabisa. Shangazi akamwambia afunge mdomo, mtoto amelala.

Upekuzi ulikomeshwa. Lakini baada ya muda mfupi, vumbi lilipotulia, binti wa vifungo akaachishwa kazi kimya kimya, na wenzake wakaogopa kugoma tena. Shangazi alikuja nyumbani kwetu na hasira zake.

"Hii ndiyo kazi ya chama! Angekuwa na chama nyuma yake, nani angemgusa?"

"Alikuwa navyo viwili," Baba akasema.

Nilidhani Shangazi atarusha kikombe. Alichofanya ni kumwambia avae viatu, waende kwa yule binti wakamuulize anataka wamfanyie nini. Wakaenda, mmoja mbele, mmoja nyuma, bila kusemeshana. Walikuta chumba chake kina mpangaji mwingine. Binti alikuwa amehama mji, na hakuna jirani aliyejua kaelekea wapi.