Maji Yasiyopotea

Naandika haya nikiwa nimejifungia nyumbani, maana sijui nitapitaje tena sokoni, hapa mjini Baraka. Mimi ni fundi wa mabomba. Nilikaa muda mrefu bila kazi, mpaka Mama Riziki, mwenye hoteli mpya kando ya ziwa, akaniita nimwekee maji kwenye akwariamu yake kubwa, lile sanduku la kioo la kufugia samaki.

"Fundi, samaki batumie maji ya tangi ya nyuma," aliniambia. "Na sitaki maji ipotee."

Nilizunguka nyumba, nikakuta tangi karibu na jikoni. Sikuuliza, fundi mzima aulize nini? Nikafunga bomba la kujazia lenye boya, lifunguke lenyewe maji yakipungua. Yale yanayofurika juu ya kioo nikayarudisha kwa bomba lingine mulemule tangini. Nilijiona bingwa.

Siku ya ufunguzi, wageni wakiwa mezani, Mama Riziki alinisimamisha nieleze kazi yangu. Nikajisifu wee: hata tone halipotei, maji yanaingia kwa samaki, yanarudi tangini.

Mama Furaha, mpishi, akasimama na jagi mkononi. "Tangi gani, Fundi?"

"Ile ya nyuma, karibu na jikoni."

"Ya nyuma ni ile ya bustani, iko kule nyuma ya choo, ndugu yangu. Hiyo ya jikoni ndiyo tunakunywaka."

Pasta wangu wa kanisani, aliyekuwa kati ya wageni, alikuwa anamalizia glasi yake ya maji. Akawatazama samaki, akaitazama glasi, kisha akanitazama mimi.