Transista Mbili na Mayai 264

Saa mbili asubuhi mjini Kiganjo, Watiri Kingori, fundi wa vifaa vya umeme, anafungua kisanduku cha chuma kilichotolewa kwenye kompyuta kuukuu, anakinusa ndani, kisha anatamka: "Hii kitu imekufa mara mbili."

Kisanduku hicho ni pawa saplai inayoipa umeme mashine ya kutotolesha vifaranga. Mwenyewe, Moffat Mutahi, mfugaji wa Endarasha, amesimama kando ya meza. Nyumbani ameacha mayai 264 ya siku ya kumi na nane, yamefunikwa blanketi na kuzungukwa na chupa za maji moto. Yasiporudi kwenye mashine kabla ya adhuhuri, ameyapoteza.

"Mama Shiku, weka tu transista mpya niende," anamsihi Watiri. "Fundi wa kwanza aliweka kwa dakika kumi."

"Na ikakaa ngapi?"

"Kama tano hivi."

"Kaa kwa kiti, Baba Mwai."

Watiri, 47, ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa, akilipwa kati ya shilingi 500 na 800 kwa kila kifaa. Hana cheti, wala haonyeshi dalili ya kukihitaji.

Saplai ya aina hii hutumia transista mbili, yaani swichi ndogo za umeme, zinazopokezana zamu: moja ikiwaka, nyingine huzima. Zikiwaka pamoja, huungua. Mafundi wengi hubadilisha iliyoungua na kuiona kazi imekwisha. Watiri anabadilisha zote mbili, kisha anapima kila kilicho jirani nazo, hadi mita inapomwonyesha kapasita mbili ndogo, vipande vya kuhifadhi umeme, zilizokaushwa na joto.

"Hizi kazi yao ni kuamsha transista. Zimechoka. Sasa transista inakaa nusu macho, inachemka, inakufa."

Hata baada ya kuweka kapasita mpya, anaupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya waya, aina ambayo wafugaji hupashia vifaranga joto. Pangekuwa na hitilafu, balbu ingewaka kwa nguvu na kuzinusuru transista. Inawaka kidogo mara moja, inafifia.

"Sasa niende?"

"Bado. Nusu saa na mzigo, ifanye kazi kama iko kwa mashine."

"Mayai inapoa, mama!"

"Ikilipuka ukifika, hiyo mayai utakula na chai."

Mutahi anaketi. Saa nne na robo anaondoka na kisanduku kinachofanya kazi.

Siku tatu baadaye anapiga simu, sauti yake ikimezwa na milio ya vifaranga. "Mia mbili na kumi na moja! Na wengine bado wanagonga!"

Watiri anampongeza kwa neno moja na kurejea mezani, ambako anaunda saplai za akiba. Anataka tatu kufikia mwezi ujao.

"Mtu akileta iliyokufa, anabeba nzima, anaenda," anasema. "Hiyo ingine nitapima bila mtu kuniangalilia saa."