Verna na Ile Mara ya Tatu

Ukifika kwa Verna Koskela, ukakaribishwa kahawa, ukajibu "ndiyo, asante" hapohapo, ujue umeshajiharibia. Hakufukuzi. Atakumiminia na kutabasamu vizuri tu, ila ukishatoka nusu ya mji wetu wa Duluth itapigiwa simu kuulizwa wazazi wako ni akina nani. Huku kwetu ukikaribishwa unakataa. Ukikaribishwa tena unasema, "usijisumbue bwana." Mara ya tatu ndiyo unashusha pumzi: "Haya, kama ipo ipo, nusu kikombe tu." Hapo unaletewa kikombe kizima na keki juu. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kufa na kiu jikoni kwa jirani kwa sababu jirani kaishia kumkaribisha mara ya pili.

Verna anaandika habari za safari. Usianze kuwaza mtu wa ufukweni mwenye miwani ya jua na kofia pana. Huyu ana miaka sitini na kitu, gari lake lina kutu mpaka mlango wa kulia unafunguliwa kwa ndani tu, na kwa miaka thelathini ameandika habari za barabara moja. Moja! Ile inayopanda kandokando ya ziwa kutoka kwetu mpaka mpaka wa Kanada. Nilikuwa namtania, "Verna, hiyo barabara haijaisha tu?"

"Kila ikiyeyuka theluji inakuwa nyingine, mwanangu," ananijibu. "Na wewe ukiacha kuandika 'mandhari ya kuvutia' labda utaiona."

Nikaenda nyumbani nikayafuta maneno hayo matatu.

Kila Alhamisi vibarua wa kalamu wanne tulikuwa tunakutana jikoni kwake. Verna mwenyewe. Anselm Tveit, jitu refu lenye sauti ndogo, mwandishi wa mitumbwi na uvuvi, na kati yetu sote ndiye aliyekuwa anajua kuandika kwelikweli. Odette, mwandishi wa chakula, mzaliwa wa Louisiana kule kusini, ambaye ukimkaribisha kahawa anasema ndiyo kabla hujamaliza sentensi. Na mimi, niliyebatizwa Kifaranga siku ya kwanza na jina likaganda.

Odette ndiye aliyeleta mchezo wa kutaja. Unajua waandishi walivyo: mtu atakusimulia talaka yake yote, lakini ukimuuliza analipwa ngapi kwa neno anageuka bubu. Siku hiyo Odette akagonga meza. "Tajeni. Hili jarida la New York tunaloliandikia sote linawapa ngapi? Kifaranga, anza."

"Senti thelathini."

"Maskini. Mimi hamsini. Anselm?"

"Sabini," Anselm akasema, akiangalia viatu vyake kana kwamba ameviiba.

Tukamgeukia Verna. Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Arobaini," akasema.

"Miaka thelathini!" Odette alipiga kelele. "Hujawahi kuomba?"

"Sikutaka kuwasumbua."

Hapo ndipo tulipokula kiapo chetu. Jarida lilikuwa linaandaa toleo maalumu la kiangazi, ziwa letu zima, na bila sisi wanne halikuwa na wa kuliandika. Tukakubaliana: dola moja kwa neno, bei moja kwa wote, hakuna wa kwenda peke yake mlangoni kwao. Mimi kwangu ilikuwa raha tu, kutoka senti thelathini hadi dola ni kama kuhamia ikulu. Kwa Anselm haikuwa mchezo. Alikuwa na mapacha nyumbani, na shemeji yake wa Fargo, jimbo la jirani, alikuwa amemwekea kazi kwenye ghala la vigae vya paa. Alishamwambia mkewe, Maren: dola ikipatikana tunabaki, isipopatikana tunahama. Alitueleza hivyo bila kuinua sauti, halafu akasema keki ni tamu.

Nani aongee na mhariri? Odette alikuwa na mdomo unaofaa, tatizo aliwahi kumwandikia yule mhariri kwamba amemkatia vitunguu vyote kwenye habari ya supu ya vitunguu. Hawakuwa wanaongea. Mhariri, Sloane, alimpenda Verna. Kila mtu anampenda Verna. Basi akawa Verna.

Tukamfundisha. Odette akawa Sloane, na kijiko sikioni.

"Haloo Verna, mnataka nini?"

"Dola moja kwa neno, kama haitakuwa usumbufu..."

"Futa 'kama'!"

"Dola moja kwa neno, samahani..."

"Samahani ya nini? Umemkanyaga?"

Tulicheka mpaka Anselm akapaliwa. Mwisho alikuwa analisema safi kabisa, kidevu juu. Tukajiona wajanja. Tulimfundisha aombe vipi, tukamwandaa kwa kunyimwa, kwa kupunguziwa, hata kwa kukatiwa simu. Hakuna aliyefikiria kumfundisha afanye nini akipewa.

Siku ya simu tulikuwepo wote, ujumbe wa kutaja bei yetu umeshatangulia, simu katikati ya meza, sauti wazi. Verna akaanza salamu na hali ya hewa. Sloane akamkatiza, watu wa New York hawana subira na mawingu.

"Verna, nimesoma ujumbe wenu. Nimegombana na wakubwa wangu kwa ajili yenu. Dola moja, nyote wanne. Itawafaa?"

Hivyo tu! Verna hajaomba hata kwa mdomo. Nikamwona Anselm anafumba macho.

Verna akasema, "Oh, jamani, hapana. Hiyo nyingi mno. Usijisumbue kwa ajili yetu."

Nisikilize vizuri hapa. Mimi, Anselm, na mtu yeyote aliyekulia huku, tulijua hiyo hapana maana yake nini. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya ndiyo. Mtu wa kwetu angejibu, "Wala si usumbufu, Verna," na mambo yangeendelea. Sloane si mtu wa kwetu.

"Kweli?" Ungemsikia alivyofurahi. "Verna, umeniokoa, sijui hata ningeitoa wapi. Basi tuseme senti sitini?"

Odette alikuwa anapunga mikono yote miwili kama mtu anayezuia treni. Verna alimwona. Akafungua mdomo, na mdomo ukatoa ulichozoea kutoa miaka yote.

"Chochote kitakachokuwa rahisi kwako, mpenzi."

"Wewe malaika. Mikataba inakuja leo." Simu ikakatika.

Odette akasema maneno ya Louisiana ambayo siyaandiki. Verna alipiga tena, hakupokelewa. Akaandika ujumbe, kesho yake akajibiwa kwa upole mwingi kwamba bajeti imeshapitishwa, tuongee mwakani. Anselm alivaa koti lake taratibu.

"Si mbaya," akasema. "Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Huku hilo ndilo neno tunalosema nyumba ikiungua.

Wiki ile Verna hakuwa mzima. Alikuwa anamwambia kila mtu, mpaka dada wa posta, "Watu wanaamini unachosema, unajua? Ukisema hapana, wanasikia hapana." Kama mtu aliyegundua moto. Mwishowe akaniambia nimpeleke kwa Anselm, gari lake lilikuwa limegoma.

Tulimkuta Anselm kwenye banda la gari anafunga mtumbwi juu ya trela. Masanduku yalikuwa yameshapangwa ukutani. Verna hakuzunguka hata na hali ya hewa, nikajua ni jambo kubwa.

"Anselm, chukua barabara yangu."

"Unasemaje?"

"Sehemu yangu ya toleo. Iandike wewe, pamoja na yako. Malipo yote yako. Nimeshapiga hesabu, na senti sitini mara mbili inazidi hiyo dola. Mtafika vuli bila kuhama."

Barabara yake! Yule mama hakuwahi kumwachia mtu hata kona moja ya ile barabara. Niliwahi kuandika aya mbili za daraja lililoko njiani, akanisahihisha mpaka nikaomba msamaha kwa daraja.

"Hapana, Verna," Anselm akasema. "Siwezi."

"Nasema kweli. Mimi nimechoka, nitapumzika."

"Usijisumbue bwana."

Mbili hizo. Anselm alikuwa ameshika kamba, haivuti wala haiachii, anamwangalia. Mimi nikawa nishaanza kutabasamu, maana wimbo wetu tunaujua, ubeti uliobaki ulikuwa mmoja tu. Verna akafungua mdomo. Halafu akaufunga. Nikaona uso wake unabadilika, ukawa na ile adabu mpya ya wiki ile.

"Sawa," akasema. "Nimekusikia. Hapana ni hapana." Akampigapiga mkono, akaenda kukaa kwenye gari, akajikaza kama mwanafunzi aliyejibu sawasawa.

Anselm akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani.

"Kifaranga," akasema, "kasahau moja."

"Mkimbilie basi! Yuko hapo!"

"Nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa naitaka?"

Na wewe usimcheke. Kama hukukulia huku huwezi kujua jinsi sentensi hiyo ilivyo nzito. Kwenye gari nikaanza, "Verna, unajua Anselm..." akanizuia kwa mkono. "Tumheshimu, mwanangu. Safari hii nimesikiliza." Jumamosi yake Anselm akaondoka na Maren, mapacha na mtumbwi.

Kiangazi jarida likatoka. Verna aliandika barabara yake, Odette supu, mimi mawe ya ufukweni, na mitumbwi akaandika mtu wa Chicago ambaye nadhani mtumbwi aliuona kwenye picha. Anselm akatuma kwenye grupu letu picha ya ghala: rundo la vigae vya kijivu. Chini ameandika, "Mandhari ya kuvutia. Nyota tano. Kifaranga angependa." Tukajaza vicheko. Verna akaweka moyo mmoja.

Septemba Maren alirudi kuchukua vitu vilivyobaki, akapita kuaga, na ilikuwa Alhamisi. Aliikubali kahawa alipokaribishwa mara ya tatu, kama inavyotakiwa, na katika kuongea akasema, bila ubaya wowote, "Siku zile Anselm alikuwa hatoki karibu na simu. Alidhani utapiga, Verna. Kuuliza tena."

Verna aliinuka naye. Alimsindikiza mpaka nje, akarudi, akafuta meza. Akaifuta tena. Odette akaanza, "Verna, shoga yangu..." akanyamaza, na Odette kunyamaza si jambo dogo.

Kisha Verna akachukua simu akaiweka katikati ya meza, palepale pa siku ile. Anselm alipopokea tulisikia nyuma yake mlio wa mashine ya kunyanyulia mizigo.

"Anselm, ni Verna. Nilibakiza moja."

Mashine ikaendelea kulia. Anselm akasema, "Najua."

"Naiuliza sasa. Chukua barabara yangu."

Sote tulijua hakuna cha kuchukua. Jarida limeshauzwa, limeshasomwa, limeshafungiwa samaki. Mapacha wana chekechea Fargo. Tukamsikia Anselm anashusha pumzi, ileile ya jikoni kwetu.

"Haya, Verna," akasema. "Kama ipo ipo. Nusu tu."

"Asante," Verna akasema, akakata simu. Akainuka, akachukua vikombe vinne kabatini, akavitazama, kimoja akakirudisha.

"Kahawa?" akatuuliza.

Nikasema ndiyo, hapohapo. Hata Odette alishtuka. Verna akanimiminia mpaka juu, wala hakuniangalia vibaya.