Kaburi ninalopalilia Elburgon

Habari zenu. Admin, nifiche vizuri, mume wangu pia husoma hii page. Nina miaka thelathini na sita na tunaishi Elburgon kwa wazazi wake. Zamani tulikuwa na ploti Nakuru, karibu kabisa na ziwa. Hapo ndipo tulimzika mtoto wetu wa kwanza, Imani, aliyekufa kwa nimonia akiwa na miaka mitatu.

Ziwa lilipopanda, maji yaliingia chooni, yakaingia jikoni, mwishowe tukahama. Nililia nikisema siwezi kumwacha mtoto wangu kwa maji. Mume wangu akaniambia, "Wewe baki na mama. Mimi na wanaume tutaenda kumtoa." Walirudi jioni na kisanduku cha mbao kimepigiliwa misumari. Aliniomba nisikifungue, nimkumbuke vile alivyokuwa. Tukakizika hapa Elburgon, nyuma ya nyumba. Tangu hapo napalilia kila Jumamosi, na nikiwa na shida huenda kumwambia Imani.

Mwezi uliopita wamama wa kanisa letu walipanga safari ya mbuga ya Nakuru. Tulianzia kwa maporomoko ya maji, tukapiga picha, tukala chapati na kuku kwa nyasi. Nilicheka sana siku hiyo. Halafu basi likatupeleka kando ya ziwa, mahali miti mingi imekauka ikiwa bado imesimama ndani ya maji. Hapo nikakutana na Mama Kevo, jirani wetu wa ile ploti. Alikuwa amekuja na kikundi chake kutoka mtaa wa Rhonda, hapo Nakuru. Tulikumbatiana, kisha akanionyesha ng'ambo.

"Kwenu kulikuwa pale," akasema. "Nilimhurumia Baba Imani siku ile. Alizamia mara nyingi akitafuta hilo kaburi."

Nikamwambia, "Lakini walimpata."

Akanishika mkono. "Mama Imani, hawakumpata. Maji yalikuwa yanafika kifuani. Nilikuwa hapo, walirudi mikono mitupu. Nilidhani unajua."

Wenzangu waliendelea kupiga picha za ndege. Mimi nilibaki nikiangalia yale maji hadi nikaitwa kwa basi.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikifungua mfereji nioshe vyombo, nasikia kama mtoto ananiita. Nikipalilia, najiuliza miaka hii yote nimekuwa nikiongea na nini. Juzi nilimkuta mume wangu amepiga magoti pale, anapaka msalaba rangi. Nikasema, "Baba Imani." Akageuka, macho mekundu, akasema tu, "Nishikie mkebe." Nikaushika.

Sasa mama mkwe amemwita pasta. Jumapili ijayo kaburi linawekwa simiti na jina la Imani. Nikisema, nitamvunja mtu aliyeingia kwa maji yale kwa sababu yangu, na mama yake atajua amekuwa akiombea sanduku tupu. Nikinyamaza, nitasimama hapo niimbe na wengine, na mtoto wangu ako kule ziwani peke yake.

Wale mmewahi kuzika mtoto, nishaurini. Nimwambie, ama niache wamwage simiti?