Mlipuko wa nchi ya mbali ulivyokimbiza watu kwenye matanga ya kaka yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji tu, shule yangu iliishia darasa la saba, na huu ni uzi wangu wa kwanza. Nitaandika nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Nisichokijua nitasema sikijui, na mtaona kwamba tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwezi uliopita nilifiwa na kaka yangu, Mbwana. Alikuwa fundi baruti kwenye machimbo ya mawe ya chokaa huku kwetu Tanga. Yeye alilipua mwamba, mimi nikabeba mawe. Ndivyo tulivyoishi.

Siku ya tatu ya matanga tulikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba yake, Nguvumali. Khitma ilipangwa baada ya swala ya alasiri. Wanawake walikuwa uani wanapika pilau.

Ndipo akaja Akbar, mwenye duka la vipuri jirani, na simu yake mkononi.

Ile klipu nadhani mliiona. Moshi mkubwa nyuma ya mlima, kwenye ile nchi iliyojifungia, ambayo mgeni haendi hata chooni bila kusindikizwa. Jirani zao wanasema ardhi ilitikisika. Wenyewe walinyamaza siku mbili, kisha wakasema walikuwa wanavunja kilima wajenge bwawa.

Basi wakuu, matanga yakageuka bunge.

Akbar akasema ni nyuklia, hakuna mjadala. Mzee Sefu, mstaafu wa reli, akasema ni treni ya mbolea, na akaanza kutupangia mabehewa kwa kokwa za tende. Mwingine akasema ni nyota imeanguka. Kuna mmoja alidai hakuna mlipuko wowote, wanachoma taka.

Tangu tulipozika nilikuwa sijalia wala sijasema la maana. Akbar akanigeukia. Akasema hapa tuna ndugu wa fundi baruti, atuamulie.

Nikamwambia sijui. Moshi niliuona, sauti sikuisikia, na mimi kazi yangu ilikuwa mawe.

"Kwani marhum hakukuachia hata ujuzi kidogo?"

"Ameacha sanduku lake la kazi. Lina kufuli. Hakutaka mtu aliguse."

"Lipo wapi?"

"Chini ya kitanda, humo ndani."

"Lina baruti?"

Wakuu, hapo mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasema, "Sijui."

Sijawahi kuona mikeka ikikimbiwa vile. Mmoja alikumbuka simu aliyoiacha kwenye chaji. Mwingine alikumbuka mbuzi wake. Mzee Sefu, ambaye huwa anashikwa mkono akitaka kusimama, alikuwa wa kwanza kuvuka barabara. Uani wanawake walichomoa kuni chini ya sufuria, kwa sababu jiko lilikuwa limekaribiana na ukuta wa chumba hicho hicho. Wakaondoka pia.

Haikufika saa nzima, binamu yetu wa Raskazone akanipigia. Ameambiwa Mbwana alikwenda ile nchi kuwafundisha, na kilicholipuka kule kina mwenzake Nguvumali. Nikamwambia Mbwana hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro. Akanijibu, "Ndivyo wanavyoambiwa waseme."

Kuchekesha kunachekesha, lakini mimi nilibanwa. Maalim alifika na juzuu zake thelathini, akakuta tuko wanne. Kaka yangu angesomewa khitma na watu wanne, na mtaa mzima umesimama ng'ambo ya barabara unamtazama kama bomu.

Kulifungua sanduku nako si jambo la mtu mmoja. Kwetu mali ya marehemu haiguswi mpaka warithi wote wawepo. Warithi ni watatu: mimi, mjane wake, na binti yao Zuhura, ambaye asubuhi alikwenda kwake Muheza na sasa alikuwa njiani kurudi.

Zuhura alipofika alidhani kuna msiba mwingine. Nikamweleza. Akaenda kusimama mlangoni kwa mama yake, ambaye yuko edani na haonekani na wanaume. Shemeji akajibu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara:

"Nimelala juu ya hilo sanduku miaka yote na sijalipuka. Litoeni mkalifungue, watu waje wamsomee mume wangu."

Zuhura akalivuta mpaka mlangoni, mimi nikalibeba mpaka mbele ya nyumba. Lilikuwa jepesi, na ndani mkagongana kama vyombo. Ng'ambo ya barabara watu wakarudi nyuma hatua kumi. Ufunguo Zuhura aliupata kwenye koti la baba yake.

Juu kulikuwa na kitambaa chekundu na filimbi, vile vya kuonya watu kabla ya kulipua. Chini yake makopo ya halua. Saba. Sita matupu, la saba limefika nusu, kijiko kimesimama ndani.

Mbwana alikuwa na kisukari. Shemeji alikuwa akimpimia hata papai.

Zuhura akamtangazia mama yake kilichomo. Nyuma ya pazia tukasikia, "Mimi nalala juu, yeye chini yangu anaficha halua!" Akacheka. Zuhura akacheka. Mimi nilicheka mpaka nikapiga magoti mchangani, na humo humo kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu tumzike. Zuhura akanishika bega, akaniacha nilie.

Watu wakarudi, Akbar mbele. Juzuu zote thelathini zilipata wasomaji, na Mzee Sefu alisoma mbili. Pilau lilikuwa na kiini kigumu katikati, likaliwa lote.

Msiniulize kama ni halua iliyomuua. Hospitali walisema moyo. Hapo napo sijui.

Nilichojifunza ni hiki: ukifunga kitu na usiseme kilichomo, watu watakijaza wao, na watakijaza kwa wanachokiogopa. Kaka yangu aliogopa kugombezwa tu. Ile nchi huenda ina jambo kubwa zaidi la kuficha, au halipo. Wanachokosa kule ni shemeji kama wangu, wa kusema litoeni mkalifungue.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kujua nini kililipuka kule aseme, na asiyejua aandike hajui, asione haya.